Kopo Lililouzwa Kama Chakula

Oktoba 1994, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoamua nani abebe mzigo wa ushahidi. Nchini Marekani dawa haiuzwi mpaka mtengenezaji athibitishe kuwa ni salama. Virutubisho vya ziada vikawekwa upande wa chakula: viuzwe kwanza, kisha FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ndiyo ithibitishe kuwa vinadhuru. Wanyanyua vyuma hulaumiwa kwa tamaa ya misuli, lakini tamaa hiyo ni ya zamani kuliko makopo haya ya virutubisho. Mlango ulifunguliwa na sheria.

Steroidi za kujenga misuli zilikuwa zimedhibitiwa tangu 1990, hivyo wafanyabiashara wakatafuta mbadala. Mwaka 1996 ikaingia madukani androstenedioni, ambayo mwili unaweza kuigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume. Agosti 1998 mwandishi wa habari aliiona chupa yake katika kabati la Mark McGwire, nyota wa besiboli aliyekuwa akiifukuzia rekodi, na umaarufu wa androstenedioni ukapaa. Ligi ya McGwire haikuwa imeikataza. Watetezi walisema ni kitu cha asili, kwani mwili wenyewe huitengeneza. Ni kweli, lakini hata insulini hutengenezwa na mwili, na hakuna anayeiuza kama chakula. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwafuatilia vijana walionyanyua vyuma kwa wiki 8 huku wakimeza miligramu 300 kwa siku. Hawakuwazidi nguvu wenzao waliopewa vidonge visivyo na kitu. Testosteroni haikupanda; kilichopanda ni estrojeni, na kolesteroli ile inayolinda moyo ikashuka. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ulikuta kipimo hichohicho kikipandisha testosteroni, na wauzaji wangeweza kuushika kama ushindi. Kwangu unawahukumu: kinachobadili homoni za mtu ni dawa, na kipimwe kama dawa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mtu mzima ana haki ya kujichagulia. Naiheshimu, ila hachagui asiyeambiwa anachomeza. Androstenedioni ilipozuiwa 2004, nafasi yake haikukaa wazi. Mwaka uliofuata ikauzwa methasteroni, steroidi iliyojulikana maabarani tangu miaka ya 1950, nayo ikiitwa kirutubisho. Vijana wenye afya walioimeza wakafika hospitali macho yakiwa ya njano, wakiwashwa mwili mzima, ini limeumia. FDA ilitoa onyo 2006. Methasteroni iliwekwa kwenye orodha ya steroidi zinazodhibitiwa 2012, na sheria ya 1994 ingali inatumika.