Nyota Tano na Friji ya Mama: Historia Fupi ya Kupima Bidhaa

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi ilinizidi. Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumze habari ya friji.

Mwaka jana nilimnunulia mama friji. Mama huuza maziwa lala na maji baridi nyumbani kwake Voi, na friji yake ya zamani ilikuwa imechoka kabisa. Mimi ni mtu wa tarakilishi, kwa hiyo nilifanya kama mtu wa tarakilishi: nikaingia mtandaoni, nikapanga friji kwa wingi wa nyota, nikasoma maoni ya wanunuzi hadi usiku wa manane, nikachagua iliyosifiwa kuliko zote. Ilipofika Februari maziwa yakaanza kuharibika. Friji inanguruma mchana kutwa bila kupumzika, na ndani ni vuguvugu.

Fundi alikuja, akachungulia kibandiko kilichoko ndani, akanionyesha herufi moja: N. Friji ya daraja la N hutengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32. Ya ST hufika 38, na ya T hufika 43. Voi mwezi wa Februari hupita 32, sembuse kibanda chenye paa la bati!

Mama hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mwanangu, hao waliokuambia ni nzuri, wanakaa wapi? Na nani aliwauliza?"

Maswali hayo mawili yalinifanya nianze kusoma historia ya jambo hili. Kumbe watu wameyapigania kwa karibu miaka mia moja.

Tuanzie Marekani mwaka 1927. Stuart Chase na mhandisi F. J. Schlink walitoa kitabu kiitwacho Your Money's Worth. Schlink aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya viwango, na kilichomkera ni hiki: serikali ilipima bidhaa kabla ya kujinunulia yenyewe, lakini mwananchi aliyelipa kodi hakuonyeshwa matokeo. Yeye aliachiwa matangazo ya biashara. Kitabu kiliuzwa sana, na mwaka 1929 likazaliwa shirika la Consumers' Research, ambalo kazi yake ilikuwa kupima bidhaa na kuwaambia wanachama ukweli.

Mwaka 1935 wafanyakazi wa shirika hilo walitaka kuunda chama chao. Schlink akakataa, wengine wakafutwa, mgomo ukazuka. Waliogoma wakajitenga, na mwaka 1936 wakaanzisha Consumers Union, ambayo gazeti lake leo ni Consumer Reports. Hawakuwa na fedha, kwa hiyo walianza na vitu vya bei ndogo kama sabuni, maziwa na soksi za wanawake. Friji zilingoja.

Sheria zao zilikuwa chache, na naziona bora kuliko algorithimu nyingi nilizosoma chuoni. Ya kwanza, hawapokei matangazo ya biashara. Ya pili, hawapimi kitu walichopewa bure na kiwanda: humtuma mtu dukani akinunue kama mnunuzi mwingine yeyote, bila kujitambulisha. Ya tatu, gharama hulipwa na wasomaji. Yaani swali la mama, "nani aliwauliza", walilijibu tangu siku ya kwanza.

Msidhani walipendwa. Magazeti mengi yalikataa kuchapisha tangazo lao hata la kulipia, na kamati ya Bunge iliyosaka "wasio wazalendo" ikawaweka kwenye orodha yake. Jina lao halikusafishwa hadi 1954.

Uingereza walifuata mwaka 1957. Michael Young na wenzake walitoa gazeti la Which? kutoka gereji moja mashariki mwa London, na birika za umeme zilikuwamo katika toleo la kwanza. Ujerumani Magharibi serikali yenyewe ilianzisha Stiftung Warentest mwaka 1964, na toleo la kwanza la gazeti lake, mwaka 1966, lilipima cherehani na mashine za kusagia za mkononi.

Sasa nifike kwenye kisa ninachokipenda zaidi, kesi ya spika. Mwaka 1970 Consumer Reports walipima spika za Bose 901, bidhaa ya kampuni ya Amar Bose, profesa wa MIT. Waliandika kwamba sauti ya ala moja moja ilionekana kuwa kubwa mno, tena kama inayozurura chumbani. Bose wakaenda mahakamani. Hoja kubwa ilikuwa maneno machache tu: je, sauti ilizurura chumbani kote, au ilisogea kando ya ukuta baina ya spika mbili? Jaji wa kwanza alisema ilikuwa ukutani, kwa hiyo kilichoandikwa si kweli, na gazeti lilipe. Mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi huo. Mwaka 1984 Mahakama ya Upeo ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema kwamba mpimaji alitumia neno lisilo sahihi sana, lakini hakudanganya kwa kujua.

Fikiria hapo. Miaka kumi na minne ya mawakili kwa sababu ya neno moja kuhusu spika! Ndiyo maana wapimaji hawa huandika kwa uangalifu. Wana jina, wana anwani, na wanaweza kushtakiwa.

Mwaka 1995 Amazon ilipofungua duka lake la vitabu mtandaoni, ilimruhusu mteja yeyote kuandika maoni, hata ya kuponda. Lilikuwa jambo la ujasiri, na sisi watu wa programu tulilishangilia: wengi wanajua kuliko mmoja, piga wastani, kazi imekwisha. Lakini Februari 2004 tovuti yao ya Kanada ilipata hitilafu, ikaonyesha kwa siku kadhaa majina halisi ya waliojificha. Ikaonekana kwamba waandishi wengine walikuwa wakivisifu vitabu vyao wenyewe. Baada ya hapo maoni ya kununuliwa yakawa biashara kamili. Marekani ilipitisha kanuni ya kuyapiga marufuku mwaka 2024, faini ikiweza kuzidi dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza nayo iliyakataza kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2025.

Lakini tuwe wa haki. Sidhani waliosifu friji ile walikuwa waongo, na hapo ndipo swali la pili la mama linanikamata. Mtu wa nchi ya baridi akisema friji inagandisha vizuri, amesema kweli yake. Hata maabara bora ya Marekani hupima kwa umeme wa volti 120, sisi tuna 240, na umeme wetu hupotea na kurudi kwa kishindo. Wastani wa nyota hauna safu ya joto la chumba. Kwa lugha yetu ya kazi: data ni safi, lakini swali tuliloiuliza silo.

Siku hizi nafanya hivi. Nasoma maoni ya nyota mbili na tatu kwanza, na ya mtu aliyekaa na chombo mwaka mzima kuliko aliyefungua boksi jana. Natazama kibandiko cha daraja la joto, na kile cha matumizi ya umeme ambacho kanuni za Kenya za 2016 zinakidai kwa friji. Kisha namuuliza fundi ni zipi zinazorudi kwake, na kama vipuri vyake hupatikana. Fundi wa mtaani ndiye maabara tuliyo nayo: ameona kilichokufa, tena kwa umeme wetu na joto letu.

Mama sasa ana friji ya T, haina umaarufu wowote mtandaoni, na maziwa yanalala salama. Ile ya N nilimpelekea dada yangu Nyahururu, kwenye baridi. Inafanya kazi vizuri ajabu. Juzi alinipigia simu kuisifu. Angeombwa maoni angeipa nyota tano, na asingekuwa amedanganya hata kidogo.

Haya, nawe umewahi kuponzwa na nyota? Niandikie. Tuonane wiki ijayo.