Zeze, Gambusi na Mandolini: Habari za Ala za Nyuzi za Pwani Yetu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ala ndogo za nyuzi, zile ambazo mtu asiye na mali aweza kujiundia kwa mikono yake mwenyewe. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kama vile Temeke na Kinondoni, wengi wetu tumewahi kumwona kijana ameketi barazani na ala iliyofanywa kwa kopo la mafuta, kipande cha ubao, na nyaya zilizofumuliwa katika breki ya baisikeli. Mmoja huiita gitaa, mwingine banjo, na yule aliyezipanga nyuzi zake mbili mbili husema kwa fahari kwamba hiyo ni mandolini. Wapitao njiani hucheka na kusema kuwa ni mchezo wa watoto. Sisi twaona ya kuwa wachekao hawaijui nasaba ya kitu wanachokicheka.

Ala moja ya nyuzi iliyo kongwe katika nchi zetu ni zeze. Lile la pwani, la namna ya zamani, ni ubao mwembamba uliochongwa vituo vichache ncha moja, ukafungwa kibuyu nyuma yake kiwe tumbo la kukuzia sauti. Mpigaji hukiweka kibuyu kifuani, na kwa kukisogeza na kukibana huigeuza sauti. Jambo la kustaajabisha ni hili: ala hii hii iko Komoro, na huko yaitwa dzendze, iko Bukini pia, na huko yaitwa jejy. Tena wenye elimu ya ala wameona ndugu zake katika visiwa vya Indonesia, ng'ambo ya bahari kuu, na wengi wao hukisia kwamba ililetwa huku na mabaharia wa visiwa vile katika zamani za kale sana. Basi kibuyu na ubao vya mkulima maskini vina habari ya safari ndefu kuliko vyombo vingi vya dhahabu.

Wagogo nao wana zeze lao, lakini ni la namna nyingine. Hilo hupigwa kwa upinde uliopakwa utomvu, kama fidla ipigwavyo.

Ala ya pili ni gambusi, ambayo Lamu na Mombasa wameiita pia kibangala. Asili yake ni Yemeni. Fundi huchukua kipande kimoja cha mti, akakichonga tumbo na shingo pamoja pasipo kuunga, kisha akawamba ngozi juu ya tumbo. Hii nayo ilisafiri na majahazi: Komoro waiita gabusi, na Wamalai waiita gambus. Labda baadhi ya vijana hawajui kwamba hata neno letu kinanda, ambalo leo humfikirisha mtu kinanda cha kanisani, zamani lilikuwa jina la ala ya nyuzi ya namna hii. Kinanda cha Kizungu kilipofika kilikuta jina liko tayari, kikalivaa.

Sasa twafika mahali ambapo ala za fahari ziliingia. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa Unguja chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Udi, kanuni na fidla zilikuwa ala za kuagizwa ng'ambo, na bei yake haikuwa ya mchukuzi wala ya mvuvi. Lakini taarabu yenyewe haikukaa majumbani mwa wakubwa. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye ujanani mwake aliuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, naye aliimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida. Na huko Ng'ambo ya mji wa Unguja wakazuka wapigaji wa kidumbaki, ambao huweka fidla moja pamoja na ngoma ndogo, na mahali pa ala kubwa ya sauti nene wakageuza sanduku la chai, wakalitia mti na kamba moja. Mpaka leo ala hiyo yaitwa sanduku tu, na hakuna anayeicheka arusini.

Mandolini ilikuja kwa njia hiyo ya bahari, ila kutoka upande mwingine. Asili yake ni Italia, na ile ya mji wa Napoli ndiyo iliyoenea ulimwenguni tangu karne ya 18. Ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, na sauti zake zimelinganishwa kama za fidla. Kwa hiyo ajuaye kuweka vidole katika moja hapotei katika nyingine. Uzi wake ni mfupi, na sauti ya uzi mfupi ikidonolewa hufa upesi; ndiyo sababu mpigaji hurudisha mkono mbio mbio, ala ikalia kwa kutetema. Mandolini ilipata nafasi katika taarabu, lakini si kila wimbo uliikubali. Shingoni mwake mna vipande vya chuma, ambavyo tutaviita vituo, navyo hukata sauti kwa hatua zisizobadilika. Nyimbo za Kiarabu zina sauti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Udi, kwa kuwa shingo yake ni laini, huzipata; mandolini haiwezi.

Katika dansi hapakuwa na shida hiyo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, ikapiga kwanza kwa shaba na ngoma, na ala za nyuzi zikafuata. Vita vya 1939 hata 1945 vilizidisha jambo hili, kwa maana askari wa King's African Rifles walikuwa na kikosi cha burudani, na Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikuwa mmoja wao. Gitaa likawa ala ya tamaa ya kila kijana, na asiyeweza kulinunua akaunda lake kwa debe.

Hapa twataka kusema neno juu ya skuli. Sisi tuliosomeshwa katika skuli za misheni tulifundishwa noti ubaoni, na kinanda cha skuli kilifungwa kwa ufunguo. Tulipita na kukitazama. Wenzetu waliokuwa na ala za makopo walijua kulinganisha uzi kwa masikio kabla sisi hatujajua kutaja jina la noti. Hata Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, ambaye zeze lake lilisikiwa Ulaya na kwingineko, hakuanza kwa ubao wa mwalimu.

Na ala hii ina hesabu ndani yake. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, baba wa yule mtazama nyota mashuhuri, aliandika kanuni ya kupanga vituo kwa kugawa kwa 18. Pimeni uzi kutoka kichwani mwa shingo hata kwenye daraja. Tuseme ni sentimita 36. Gawanyeni kwa 18, mtapata 2: kituo cha kwanza kikae sentimita 2 kutoka kichwani. Zimebaki 34, gawanyeni tena kwa 18, mtapata milimita 19 hivi, na hapo ndipo pa kituo cha pili. Mkiendelea hivyo, kituo cha kumi na mbili huangukia karibu kabisa na nusu ya uzi, tofauti ni milimita moja hivi. Uzi ukibanwa hapo hutoa sauti ile ile ya kwanza, ila juu zaidi. Wanafunzi wa darasa la sita waweza kuifanya hesabu hii, wakaisikia jibu lake kwa masikio.

Liko jambo moja linaloharibu mandolini nyingi za makopo. Nyuzi nane zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 60, na bati halistahimili. Kopo hujikunja, shingo ikainama. Dawa yake ni kuupitisha ubao wa shingo ndani ya kopo hata utokee upande wa pili, na nyuzi zifungwe katika ncha ya ubao, zisifungwe katika bati. Tena aundaye kwa mara ya kwanza atie nyuzi nne, si nane, na azikaze pole pole kwa muda wa siku mbili tatu, mpaka ubao uizoee kazi yake.