Gari bovu ulilouziwa: haki zako ni zipi na uanzie wapi

Huku kwetu Ngaramtoni gari kwa wengi ni ofisi. Noah inayopiga tripu za mjini kwenye barabara ya Namanga ndo ada ya watoto, ndo marejesho ya vikoba. Sasa gia boksi ikifa wiki mbili tu baada ya kununua, nyumba nzima inayumba. Jirani yangu yalimkuta, akaja nimwandikie barua ya kumdai muuzaji. Ilibidi nisome sheria kwanza, na niliyoyapata nayaweka hapa.

1. Nani kakuuzia?
Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatofautisha mfanyabiashara wa magari na mtu anayeuza gari lake tu. Ukienda yadi, ukamwambia muuzaji unataka gari la kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kwa kawaida sheria inahesabu kaahidi kwamba linafaa kwa kazi hiyo, hata kama hakuandika popote. Kwa mtu binafsi kinga hiyo huna, unaambiwa mnunuzi ajihadhari. Huyo unambana kwa alichokuambia na alichoandika. Kama kakudanganya makusudi, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuukataa mkataba.

Ila muuzaji yeyote anahesabiwa kuwa ana haki ya kuliuza gari. Likiwa la wizi, mwenyewe analichukua na wewe unabaki kumdai aliyekuuzia. Kwa hiyo mjue muuzaji jina lake na anapoishi. Dalali sio muuzaji.

2. Ukaguzi
Hili wengi hawalijui: ukishalikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa kuiona ni ngumu kuidai baadaye. Kwa hiyo usizunguke tu ukipiga teke matairi. Nenda na fundi wako, sio wa dalali. Washa injini ikiwa ya baridi, tazama moshi, angalia kama oili imechanganyika na maji, halafu lipandishe mlima, na huku milima hatujanyimwa. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Faini za trafiki angalia kwa namba ya gari.

3. Usikae kimya
Ukigundua gari ni bovu halafu ukaendelea kubebea abiria miezi mitatu, itahesabika umelikubali. Hapo haki ya kulirudisha inapotea, unabaki kudai fidia tu. Andika barua mapema: tarehe ya kununua, kasoro, na unachotaka. Mpe muuzaji, nakala asaini ubaki nayo. Jirani yangu aliliegesha siku ileile, na kwenye mkataba wao waliandika kabisa "gia boksi nzima". Barua ilipofika, muuzaji alikubali kugharamia gia boksi nyingine. Bila yale maneno matatu ingekuwa neno lake kwa neno la mwenzake.

4. Gereji
Gari likiwa kwa fundi, liko kwake kwa dhamana. Anatakiwa alitunze kama mtu makini anavyotunza lake. Akilichukua bila ruhusa kwenda kwenye mishe zake siku ya soko akaligonga, hasara ni yake. Lakini na yeye ana haki: kazi mliyopatana akishaimaliza, anaweza kulishikilia gari mpaka umlipe. Kwa hiyo patana bei kabla boneti halijafunguliwa. Andikeni spea zipi zinabadilishwa, mpya au mtumba, na za zamani udai urudishiwe uzione.

5. Uende wapi?
Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya pesa yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na magari mengi ya huku yanaingia humo. Mfanyabiashara aliyekupotosha kwa maelezo ya uongo, mpeleke Tume ya Ushindani, FCC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Polisi nenda kwa wizi, kadi ya kughushi na utapeli, sio kudaiwa pesa zako. Na yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayampi mtu ruhusa ya kukudanganya.

Kote huko utaulizwa ushahidi. Tunza mkataba wenye sahihi za mashahidi, risiti ya EFD kama ni yadi au duka la spea, na meseji za malipo ya simu. Pesa taslimu bila maandishi, ndugu yangu, ni sawa na sadaka. Na jina kwenye kadi kabadilishe TRA mapema. Wengi wanasema "tutabadilisha tu", muuzaji anahama mkoa, simu haipatikani, na gari unaloendesha kwenye kumbukumbu bado ni lake.

Nawasilisha.