Renjifainda ya kwanza: Filamu au dijitali?

ANAYENUNUA kamera ya renjifainda kwa mara ya kwanza yafaa ajue kwamba dirisha analochungulia halipitii kwenye lenzi. Humo huona taswira mbili za kitu kimoja. Huzungusha lenzi hadi zilingane, na hapo umbali huwa umepatikana. Hivyo basi, akisahau kifuniko juu ya lenzi, dirisha halimwonyi.

Kwenye dijitali kosa hilo huonekana papo hapo. Kwenye filamu hugunduliwa baada ya picha zote 36 kusafishwa na kulipiwa, na harusi hairudiwi.

Lakini dijitali ni ghali mno. Ya kwanza, Epson R-D1, ilitoka mwaka wa 2004, ikafuatwa na Leica M8 mwaka wa 2006 na M9 mwaka wa 2009. Mwenye kuuziwa M9 iliyokwisha kutumiwa aulize iwapo kihisi kilibadilishwa, kwani kioo kilichokifunika kilikuwa na tabia ya kuliwa na kutia madoa pichani.

Canonet QL17 G-III ya mwaka wa 1972, inayotumia filamu, ni nafuu zaidi. Hufyatua hata bila betri, ila kipimamwanga chake kiliundiwa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena.

Kwa maoni yetu, aliye karibu na fundi wa kusafisha filamu aanze na hiyo. Asiye naye, heri asubiri akusanye fedha za dijitali ya Leica M, ambayo hupokea hata lenzi nyingi zilizoundiwa M3 ya mwaka wa 1954.