Super Mazembe: Wakongomani waliokusanyiwa nyimbo zao London

Wandugu wasikilizaji wa Butembo, Beni, Oicha na Kasindi, na ninyi mliofika kwetu kutoka Kanyabayonga, Kirumba na Eringeti, wimbo wa Kasongo hamhitaji kutambulishiwa. Wazee wanaujua tangu wakati wa Zaire. Vijana wameujua kwa simu, tangu wenzao wa Kenya walipompachika Rais William Ruto jina la Kasongo mwaka 2024 na wimbo ukavuma upya. Sasa kuna watoto wa hapa hapa mjini wanaobishana kwamba ni wimbo wa Wakenya. Hapana. Ulirekodiwa Nairobi, lakini na watu wetu, na wameuimba kwa Lingala.

Kundi lenyewe lilianza mwaka 1967 hapa Kongo kwa jina la Super Vox, kiongozi wake akiwa Mutonkole Longwa Didos. Walihama kwa kupitia Zambia, na mwaka 1974 wakafika Kenya. Huko wakajiita Orchestra Super Mazembe. Mazembe ni zile katapila za kusogeza udongo, na anayefikiria timu ya mpira ya Lubumbashi ajue kwamba hapa ni muziki tu. Nairobi ya miaka ile ilijaa Wazaire wenye magitare. Baba Gaston alikuwa huko na wanamuziki wake, na mwaka 1976 baadhi yao wakajitenga na kuunda Les Mangelepa. Samba Mapangala alitangulia kuimba Kampala na Les Kinois kabla ya kufika Nairobi, na baadaye akaanzisha Orchestra Virunga, jina la milima yetu hii.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu kule kulikuwa na studio, kampuni za santuri, na kiwanda cha kuzichapa. Santuri ndogo ya duara 45 ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, na wimbo wa Kikongo ni mrefu. Basi waliukata katikati. Upande wa kwanza waimbaji wanasimulia habari yao, upande wa pili magitare yanafunguka na watu wanacheza. Mwenye gramafoni alilazimika kusimama, kugeuza santuri, na wachezaji wakamngoja. Super Mazembe walitoa nyimbo zao nyingi namna hiyo, moja moja, na hiyo ndiyo sababu kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pamoja pa kuzipata zote.

Kuna nyimbo tatu ambazo mtu akitaja Mazembe lazima azitaje. Kasongo ni malalamiko ya mke aliyeachwa, anamwita mumewe arudi nyumbani. Bwana Nipe Pesa, jina linajieleza, na nyumba ambayo haijasikia maneno hayo sijui iko mtaa gani. Ya tatu ni Shauri Yako, na hapa inafaa tuseme kweli: wa kwanza kuurekodi alikuwa Nguashi N'Timbo na Festival du Zaire, kundi lingine la Wazaire wa Nairobi. Mazembe waliuchukua, wakaupiga kwa namna yao, na toleo lao likaenda mbali kuliko la mwenyewe. Katika sauti za kundi alikuwamo Lovy Longomba, mtoto wa Vicky Longomba wa OK Jazz, ndugu ya Awilo. Watoto wake pacha nao waliimba Nairobi kwa jina la Longombas.

Mwaka 1983 kampuni ya Virgin ya Uingereza ilitoa albamu yao iitwayo Kaivaska. Mtu angefikiri kwamba mlango umefunguka. Lakini wakati huo huo mambo ya wanamuziki wageni Kenya yalikuwa yanabana, vibali vya kufanya kazi vikawa taabu, na kufikia mwaka 1985 kundi lilikuwa limevunjika. Wengine wakatawanyika, wengine wakabaki Nairobi wakiimba katika makundi ya wengine.

Baada ya hapo nyimbo zikaishi bila wenyewe. Mwaka 1990 Earthworks, kampuni ya London, iliiweka Shauri Yako katika mkusanyiko ulioitwa Guitar Paradise of East Africa, pamoja na makundi mengine ya ukanda huu. Ndipo mwaka 2001, miaka 16 baada ya kundi kuvunjika, Earthworks chini ya Stern's ikatoa CD ya Mazembe peke yao, nyimbo zao zilizopendwa zaidi kwa pamoja. Waliiita Giants of East Africa, majitu ya Afrika Mashariki.

Jina hilo linanichekesha kidogo. Kongo haimo. Wanaume waliotoka Zaire na magitare yao wakaandikwa kuwa wa Afrika Mashariki, na nchi yetu haikuingia katika jumuiya hiyo mpaka mwaka 2022. Tena tukumbuke 2001 ilikuwa mwaka gani kwetu. Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa mwezi wa kwanza. Nchi ilikuwa vipande vipande, Beni na Butembo zikiwa chini ya RCD-K/ML, Kinshasa ikiwa kama nchi nyingine. Nani angekaa hapa apange mkusanyiko wa santuri? Kwa hiyo aliyechagua wimbo upi uingie na upi ubaki nje alikuwa London, akimfikiria mnunuzi wa Ulaya. Sisi tuliendelea kupata Mazembe kwa njia tuliyopatia sabuni na mabati, njia ya Kasindi, Kampala na Nairobi, kwa kaseti.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu waliofanya kazi hiyo. Linganisha na hali ya leo. Unaenda kwa kijana mwenye kompyuta kando ya soko, unalipa feranga chache, anakutilia nyimbo mia moja kwenye karte memwari. Huo ndio mkusanyiko wetu, na familia nyingi zilizokimbia zimeacha redio, viti na mbuzi lakini simu ilikuwa mfukoni. Mama aliyelala kwa watu anaweza kumsikia yule mke wa Kasongo akimwita mumewe. Ila tazama jina linalotokea kwenye kioo cha simu: namba tu, au jina la aliyeichanganya upya jana. Longwa Didos hayuko. Nguashi N'Timbo hayuko kabisa. Santuri ya zamani ilikuwa na karatasi ya katikati yenye jina la mtunzi, CD ya 2001 nayo iliwataja, lakini karte memwari haimtaji mtu. Na penye wimbo usio na jina, hakuna wa kulipwa wala mrithi wa kudai. Mtoto anayebishana kwamba Kasongo ni wa Wakenya hakuzuliwa na Wakenya, alizuliwa na faili isiyo na jina.

Mwaka 2013 Stern's walirudia kazi kwa njia nyingine, wakatoa Mazembe @ 45RPM, sehemu ya kwanza, wakizirudia zile santuri ndogo zenyewe. Hiyo naiona bora kuliko ile ya 2001, kwa sababu inaheshimu namna nyimbo zilivyotoka kiwandani, hata zile ambazo hazikuvuma. Les Mangelepa nao walirudi studio Nairobi na Ketebul Music, wakarekodi upya nyimbo zao za zamani wakiwa wazee. Mazembe hawakupata nafasi hiyo.

Kwa mwenye Kasongo kwenye simu, usikilize mpaka mwisho. Kama unakatika waimbaji wakiwa bado wanaimba, kabla magitare hayajafunguka, basi uliotiliwa ni upande mmoja tu wa santuri. Rudi kwa yule kijana umdai nusu ya pili, na wakati anaitafuta mwombe aandike na jina la kundi.