Mkolezaji na Mchoraji: Istilahi za Hadithi za Picha za Wino Mweusi

Neno "katuni" tumelibebesha mizigo mingi. Kwa neno hilo hilo twataja kichekesho cha kisiasa cha gazetini, sinema ya michoro waitazamayo watoto, na hadithi ndefu isimuliwayo kwa picha zilizopangwa ukurasa hadi ukurasa. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halina madhara. Lakini mfasiri apewapo maandishi yanayoieleza sanaa yenyewe, au mwalimu atakapo kuwaonyesha wanafunzi tofauti iliyopo kati ya kazi ya penseli na kazi ya wino, mara huona kwamba mfuko wake wa maneno ni mtupu. Katika makala haya tunakusudia kuiangalia sanaa hiyo katika kipindi chake kimoja chenye utajiri, yaani majarida ya nyeusi na nyeupe yaliyochapishwa Marekani katika miaka ya 1970, na kuzipima istilahi zetu kwa kazi hizo. Hadithi za namna hii tutaziita "hadithi za picha", na "katuni" tutaiachia gazeti.

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini kazi hizo hazikutiwa rangi. Wengi hudhani sababu ilikuwa uchache wa fedha. Fedha zilihusika kweli, lakini sababu kubwa ilikuwa kanuni. Mwaka 1954, baada ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti kuchunguza athari za vitabu vya hadithi za picha kwa vijana, wachapishaji wenyewe waliunda chombo cha kujidhibiti. Wanyonya damu, maiti watembeao na watu wanaogeuka mbwa mwitu walipigwa marufuku. Hata neno lenye maana ya kitisho halikuruhusiwa katika jina la kitabu. Kanuni hizo ziliwekewa vile vitabu vidogo vya rangi walivyonunua watoto. Jarida la umbo kubwa, lenye kurasa za ndani za nyeusi na nyeupe, lilikaa nje ya mipaka yake. James Warren aliuona mwanya huo, akatoa Creepy mwaka 1964, Eerie mwaka 1966 na Vampirella mwaka 1969. Kampuni ya Marvel ilifuata kwa Savage Tales mwaka 1971, kisha The Savage Sword of Conan mwaka 1974, ambalo lilidumu hadi 1995. Kanuni zenyewe zililegezwa mwaka 1971, lakini wakati huo wachoraji walikuwa wamekwisha kuonja uhuru wa ukurasa mpana, na hawakutaka kuuacha.

Uhuru huo ulikuwa wa namna gani? Katika vitabu vya rangi vya wakati ule karatasi ilikuwa hafifu, na rangi zilichapwa kwa vitone vikubwa vilivyomeza mstari mwembamba. Mchoraji alijifunza kuacha nafasi wazi, akijua kwamba rangi ndiyo itakayotenga usiku na mchana, nguo na ngozi. Palipokosekana rangi, kazi yote hiyo iliangukia wino. Kwa hiyo twaona kwamba usemi "picha zisizo na rangi", ambao hukutwa katika tafsiri, wapotosha. Wautaja mchoro kwa kile unachodaiwa kukosa, kana kwamba kazi iliachwa njiani. Afadhali kusema "picha za wino" au, kama ilivyozoeleka, "picha za nyeusi na nyeupe".

Njia za wino zenyewe ni kadhaa, na baadhi zina maneno tayari katika lugha yetu kwa anayetafuta. Wino uliopunguzwa makali kwa maji, ambao Steve Ditko aliutumia kwa ustadi mkubwa katika Creepy na Eerie mnamo 1966 na 1967, waweza kuitwa "wino uliozimuliwa", kwa kuwa kuzimua ndiko tufanyako kwa uji au dawa iliyo nzito mno. Karatasi ya kunata yenye vitone, iliyokatwa na kubandikwa juu ya mchoro ili kupata kivuli, yatosha kuitwa "karatasi ya vitone". Mistari myembamba iliyolazwa pamoja ili kujenga giza ni "mistari sambamba", na ikipandwa na mingine kwa mshazari huwa "mistari ya kukatana". Alex Toth, aliyechora pia kwa Warren, hakuihitaji sana. Alitosheka na bonge la weusi na mstari mmoja. Msomaji aliyezoea Juha Kalulu wa Taifa Leo au Chakubanga wa Uhuru hatashangazwa na uchache huo wa mistari, ingawa Toth hakuchora kwa kuchekesha.

Lakini istilahi iliyotushughulisha zaidi ni ya mtu. Katika majarida hayo mara nyingi ukurasa mmoja ulikuwa na wachoraji wawili. Wa kwanza aliupanga kwa penseli. Wa pili aliupitia kwa kalamu na brashi ya wino, na kilichokwenda mtamboni ni kazi ya mkono wa pili. Tutazame Conan. John Buscema alikuwa bingwa wa mwili wa binadamu katika mwendo: bega linavyogeuka, farasi anavyoanguka. Alfredo Alcala alikuwa Mfilipino aliyezaliwa 1925, ambaye tangu 1963 alikuwa amejijengea jina kwao kwa hadithi yake Voltar. (Wafilipino, twaongeza, waliitwaa istilahi ya Kiingereza wakaiandika kwa tahajia yao, komiks, na hakuna aliyeona haya.) Baada ya wahariri wa kampuni ya DC kuzuru Manila mwaka 1971, mafundi wengi wa visiwa hivyo waliajiriwa kwa ujira mdogo kuliko wa wenzao wa New York.

Alcala alipoipokea penseli ya Buscema, kama katika "Black Colossus" ya mwaka 1974, hakufuatisha tu mstari uliokuwapo. Jiwe alilipa ukwaru wa jiwe, gome la mti likawa gome, chuma kikang'aa kwa namna nyingine na ngozi ya mnyama. Maelfu ya mistari yake yameujaza ukurasa hata huonekana kama mchoro wa zamani uliochongwa katika mbao. Wako wasomaji wasemao kwamba alimfunika Buscema. Sisi twaona kwamba mwendo ulibaki wa Buscema na ulimwengu ukawa wa Alcala. Na hata asiyekubali nasi anakiri kwamba palikuwa na wachoraji wawili.

Sasa mtu huyu tumwiteje? "Msaidizi wa mchoraji" ni jina lisilo haki. "Mtia wino" ni sahihi kwa herufi, lakini kutia ni kama kumimina kitu katika chombo kilicho tayari, na karani yeyote hutia wino katika kalamu. Fundi wa nakshi wa milango ya Lamu na Unguja hachongi mbao tupu. Seremala amekwisha kuzipasua na kuzipima, wala hatumwiti huyo fundi msaidizi wa seremala. Twapendekeza "mkolezaji", kutokana na kukoleza, kitenzi tukitumiacho kwa rangi, kwa chumvi na kwa moto: kitu kilikuwapo, naye akakifikisha katika ukali wake. Wa kwanza abaki "mchoraji wa penseli".

Kampuni ya Warren ilianguka mwaka 1983. The Savage Sword of Conan lilianza kutolewa upya mwaka 2024 na kampuni ya Titan, likiwa bado la nyeusi na nyeupe, kwa hiyo maneno haya yatahitajika. Limebaki moja ambalo hatujalipatia jina la kuridhisha: ule weupe wa karatasi ambao mkolezaji huuacha makusudi katikati ya weusi, ukawa mwezi, jambia au jicho. "Nafasi" ni pana mno, na "pengo" ladokeza upungufu. Wachora hina na wachonga nakshi bila shaka wana neno lao kwa sehemu isiyoguswa. Wasomaji walio karibu nao wangetusaidia kwa kutuletea.