Msuli Unavyoitunza Neva Yake: Historia Iliyoanzia Kwenye Yai

Neva ikikatika, msuli uliokuwa ukipokea amri zake husinyaa, lakini haukai bure: huanza kubadili protini za ukuaji unazozitoa ili seli ya neva ibaki hai na kuchipua tena. Ujuzi huo ulianzia kwenye yai la kuku.

Mwaka 1934 Viktor Hamburger, Mjerumani aliyekuwa Chicago, alikata chipukizi la bawa la kiinitete cha kuku, akakuta seli za neva za upande huo zimepungua sana. Alidhani hazikuumbwa. Huko Turin, Rita Levi-Montalcini hakuridhika. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimzuia chuoni kwa kuwa ni Myahudi, hivyo akafanyia utafiti chumbani kwake, akinoa sindano za kushonea ziwe visu vya upasuaji. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yalipozidi alihamia shamba, akawa anawaendea wakulima kuomba mayai, ambayo baadaye yaliishia kikaangoni. Aliona kwamba seli ziliumbwa, zikakua, kisha zikafa.

Hamburger, badala ya kununa, alimkaribisha St. Louis, alikokuwa amehamia, mwaka 1947. Mwaka 1952 Levi-Montalcini alisafiri na panya wenye uvimbe wa saratani hadi Rio de Janeiro, kuchunguza kama uvimbe huo huchochea neva kukua. Katika maabara ya Hertha Meyer, nyuzi za neva zilichomoza kuzunguka fundo la seli za neva kama miale ya jua pale uvimbe ulipowekwa karibu. Mkemia Stanley Cohen alitumia sumu ya nyoka kusafisha sampuli, akashangaa: sumu yenyewe ilizidi uvimbe kwa nguvu ya kukuza neva. Akageukia tezi za mate za panya, akaipata tele protini iliyoitwa NGF. Nobel ya 1986 walipewa Levi-Montalcini na Cohen. Hamburger akaachwa, jambo gumu kulitetea.

NGF, hata hivyo, hailindi seli zinazoamuru misuli. Protini nyingine ya ukuaji, BDNF, ilitengwa mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen kutoka ubongo wa nguruwe. Nyingine tena, GDNF, ilifuata mwaka 1993, na punde ikabainika kuwa msuli wenyewe huitengeneza. Neva ya siatiki (neva kuu ya mguu) ya panya ikikatwa, BDNF huongezeka msulini, ilhali NT-4, protini ya kundi hilohilo inayotegemea msuli kufanya kazi, hupungua.

Miaka ya 1990 BDNF ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ALS, maradhi yanayoua seli za neva zinazoamuru misuli, lakini haikufua dafu. Ilidungwa chini ya ngozi ikaenea mwilini, wakati msuli huitoa pale pale ncha ya neva inapogusa.